Makangaga Hayahesabiwi

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo tukapande miti. Shabaha ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina ugomvi na mti. Ugomvi wangu ni na hesabu, kwa sababu huku kwetu kisichohesabiwa hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kinafukiwa na tipa la mchanga.

Makangaga hayahesabiwi. Unayajua: majani kama manyoya ya ndege, yale yanayowekwa kwenye vyungu pale mapokezi ya hoteli. Ya chungu mara nyingi ni ya ukoo wa Marekani. Ya kwetu yako kwenye vinamasi, ndani ya mafunjo, yale Wajaluo wanaita togo. Huko ndiko huota Cyclosorus interruptus, miguu majini, limejipenyeza katikati ya mabua. Jina la Kilatini, ndiyo. Nipe la mtaani nilitumie.

Halafu kuna Azolla nilotica, kangaga dogo linaloelea, mwenyeji wa bonde hili la Nile. Ndani ya majani ya Azolla wanaishi bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Wakulima wa mpunga China na Vietnam wametumia jamaa zake kama mbolea kwa karne nyingi. Sisi tuna mpunga Ahero, na mwaka 2024 wakulima wa nchi hii waliuziwa mbolea feki ndani ya mpango wa ruzuku. Lakini mtu akiona kijani juu ya ziwa anasema tu, "gugu maji hilo, toa."

Najua mtakachosema. Kuna makangaga mabaya pia. Kweli, Salvinia molesta ilitoka Brazil ikaja kulifunika Ziwa Naivasha. Si ndiyo sababu zaidi ya kuyatofautisha? Huwezi kumfukuza mgeni kama humjui mwenyeji.

Na hili la kupanda. Kangaga halina ua wala mbegu. Linatoa vumbi, yaani spora, na spora ikiota inakuwa kipande cha kijani kidogo kuliko ukucha wako. Hapo chembe ya kiume lazima iogelee hadi kwenye yai. Iogelee kweli, bana. Pasipo utando wa maji, hakuna mtoto. Sasa wewe leta mkaratusi unywe hicho kinamasi, halafu tuambie umeongeza kijani! Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Tembea kando ya mito ya huku uone jinsi tulivyotii.

Panda basi la Kakamega uingie msituni. Kule makangaga yameota juu ya magome, juu ya magogo yaliyooza, kwenye kivuli cha miti iliyokuwepo kabla ya babu zetu. Ni miche mingapi ya likizo inaleta gogo lililooza?

"Watu wana njaa, wewe unaongea majani." Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na walioniambia hawakuwa na njaa. Wenye kusuka mikeka ya togo Dunga hawajawahi kuniambia hivyo, wala wavuvi, maana wanajua samaki wadogo hujificha wapi, na nani anachuja uchafu wa mji huu kabla haujafika ziwani.

Kazi ya kuyatambua ilishafanywa. Flora of Tropical East Africa ilikamilika mwaka 2012, baada ya miaka 60, na makangaga yamo, kwa Kiingereza kizito. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado naweza kuisoma polepole, kwa hiyo kaunti yenye maafisa wenye digrii isinipe kisingizio. Kabla ya kibali chochote cha kujaza kinamasi au kupanda miti ndani yake, orodha itoke: kuna nini hapo sasa hivi? Kwa Kiswahili na Dholuo, ibandikwe Dunga, pale watu wanapokula samaki.