Chungu Kinachotikiswa

Makala ya mirathi iliyomo katika toleo hili ilinifikia ikiwa na neno moja la Kiingereza ambalo mwandishi aliliacha lilivyo: "hotchpot". Nilipowauliza wenzangu ofisini, mmoja alisema tuandike "mchanganyiko", mwingine "mchafukoge". Niliyakataa yote mawili.

Neno hili lilizaliwa jikoni. Kifaransa cha kale kiliunganisha kitenzi hocher, yaani kutikisa, na pot, chungu. Hochepot ikawa mchuzi wa nyama na mboga zilizopikwa pamoja. Likaingia Uingereza, ambako wanasheria walikuwa bado wakiandika kwa Kifaransa chao. Vinywani mwa watu likageuka "hotchpotch", huko Marekani "hodgepodge", na hadhi yake ikaporomoka. Leo Mwingereza akikiita kitabu chako hivyo, amekidharau.

Mahakamani heshima yake haikupotea. Thomas Littleton, jaji aliyefariki mwaka 1481, alilieleza kwa mfano wa chakula ambacho hakipikwi kwa kitu kimoja. Tuseme baba ana ekari 30 na mabinti wawili. Mkubwa alipoolewa alipewa ekari 10. Baba anafariki, zimebaki 20. Zikigawanywa nusu kwa nusu, mkubwa atakuwa na 20 na mdogo wake 10. Basi mkubwa akitaka fungu katika zilizobaki, sharti kwanza zile 10 zake zirudi chunguni. Jumla inakuwa 30, kila mmoja 15, naye anaongezewa 5 tu. Asipokubali kuzirudisha, abaki na 10 zake.

Uingereza yenyewe iliufuta utaratibu huo kwa mirathi isiyo na wosia mwaka 1995. Kenya bado inao. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Urithi, iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika 1981, kinataka mali aliyopewa mrithi wakati marehemu yu hai ihesabiwe katika fungu lake. Mirathi ya Waislamu ina njia yake. Kwa familia nyingine, hapa ndipo ndugu wanapokosana: kipande alichokatiwa kaka siku alipooa, je, kilikuwa zawadi au fungu lake la mapema? Mjane aliyesimama mbele ya hakimu akiambiwa habari ya "mchafukoge", ataelewa nini kuhusu haki ya wanawe?

Nilifikiria "mseto". Ni neno ninalolipenda mno. Lilitoka kwenye sufuria ya wali na choroko likaingia serikalini, shambani na hospitalini bila kuvunjiwa heshima: serikali ya mseto, kilimo mseto, dawa mseto. Lakini mseto unatokana na kuseta, na kilichosetwa hakirudi kuwa punje. Chungu cha Littleton hutikiswa tu. Nyama hubaki nyama na kitunguu kitunguu, na ekari 10 za dada mkubwa hujulikana ni zipi, na alipewa na nani, hata zinapohesabiwa pamoja na nyingine.

Kwa hiyo ndani ya toleo hili utasoma "chungu cha mirathi", na mrithi anayekubali alichopewa kihesabiwe "anarudisha chunguni". Wazee wanaosuluhisha kesi za mashamba huenda wana neno lililokomaa kuliko letu. Tunawaomba watuandikie, ukurasa wa barua wa toleo lijalo tumewawekea wao.