Bandari Hutajwa kwa Sheria



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliniuliza: "Bwana Katibu, horini kwetu jahazi hufika mpaka mlangoni. Mbona nikipakia karafuu yangu hapo naitwa mtu wa magendo?" Watu walicheka, lakini swali si la kuchekwa. Nalijibu hapa.

Marekani, katika mwaka wa kwanza wa Bunge lake jipya, ilitunga sheria ya forodha tarehe 31 Julai, 1789. Pwani na mito yake iligawiwa wilaya 59, na kila wilaya ikatajiwa bandari zake kwa majina. Kulikuwa na bandari za kuingilia, ambako nahodha hupeleka hati ya shehena, na nyingine za kushushia tu. Kushusha ni mchana kweupe, tena kwa kibali. Salem, ambao mabaharia wake walikuja baadaye Unguja kununua karafuu na pembe, ulikuwamo katika majina hayo. Nilipendalo mimi ni hili: mfanyabiashara alijua kwa maandishi wapi pa kwenda, asingoje hisani ya karani.

Lakini jina likishaandikwa halihami, na biashara huhama. Kutoka New Orleans hadi Pittsburgh, juu ya mto Ohio, ni maili zipatazo 1,800 kwa maji. Tajiri wa Pittsburgh mwenye mali ipitayo New Orleans alimalizana na forodha huko mbali. Ndipo tarehe 2 Machi, 1831 ikapita sheria nyingine, ikataja miji saba ya mitoni, mathalan Pittsburgh, Cincinnati, Louisville na St. Louis, ili ushuru uwekewe dhamana na kulipwa huko huko.

Basi rai yangu, wasioipenda wanisamehe, ni kwamba tusiilaumu sheria kwa kutaja bandari. Tudai hori letu nalo litajwe. Ila forodha si paa la bati tu. Yataka mzani, ghala, na ofisa akaaye hapo hata mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, na mshahara wake hautoki mbinguni. Tawi litakalo kudai liniletee kina cha maji wakati wa kupwa, hali ya njia, na idadi ya magunia ya misimu mitatu. Mzee wetu nimekwisha mwandikia. Kazi ya kupima kina ameianza na wajukuu wake.