Mtoto wa jicho si presha ya macho

Magonjwa haya mawili ya macho tuyatenganishe. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Hauondoki kwa dawa ya matone. Hutolewa kwa upasuaji mfupi, ikawekwa lenzi bandia, na wengi huona tena. Presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, mara nyingi bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Tiba hulinda uliobaki tu. Kwa hiyo mzee akipungukiwa na uoni na kusema "ni umri huu", mpelekeni apimwe, na akikutwa na presha hiyo, wanawe nao wapimwe. Na jamani, tuache kujinunulia matone yenye steroidi kwa kila jicho jekundu. Yakitumika muda mrefu, yanaweza kuleta magonjwa yote mawili.