Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Mlihesabu sigara, hamkumuuliza mvutaji

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Wauguzi wako walimsafisha kaka yangu kidonda kwa upole, na hao nawashukuru. Neno langu ni juu ya fomu ya kliniki yako, yenye swali moja tu kuhusu tumbaku: "Unavuta sigara ngapi kwa siku?" Kaka alijibu sita. Ikaandikwa: mvutaji mdogo, ashauriwe. Ushauri wenyewe ulikuwa "jikaze". Miezi minane baadaye mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Hakudanganya. Alishuka kutoka pakiti nzima alipoambiwa mishipa ya mguu inaziba. Lakini sisi tunaoishi naye tuliona alivyozivuta hizo sita: moshi anaushusha mpaka chini, anaubana, kipisi kinamuunguza vidole. Mwili uliozoea nikotini huidai, na mtu akipunguza sigara huinyonya zaidi kila moja. Ya kwanza aliiwasha akiwa bado ndani ya chandarua. Jirani yetu naye huvuta sita, zote kijiweni jioni, na Ramadhani hufika magharibi bila kuhangaika. Kwenye fomu yako hao wawili ni mtu mmoja.

Kipimo cha Fagerström cha utegemezi wa nikotini, kwa toleo la 1991, kina maswali sita na hakihitaji mashine. Kinauliza ukiamka unakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza. Anayewasha ndani ya dakika 5 hupewa alama 3, hata kama sigara zake ni chache. Wapo pia ambao ini lao huivunja nikotini upesi, wakaitamani tena mapema. Na kaka, dereva wa lori, alivuta kufukuza usingizi. Tangu tumzike mkewe, alivuta ili asilie. Nani alimuuliza?

Vibandiko vya nikotini, vya kumsaidia mtu kuacha sigara, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kaka hakutajiwa hata jina lake. Mguu umekwenda. Lori amepewa mwingine, ada ya watoto nalipa mimi.

Badilisheni fomu hiyo. Na wizara isikie: Tanzania iliridhia mkataba wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu cha 14 kinataka mvutaji asaidiwe kuacha. "Jikaze" si msaada, Mganga. Ni kumfukuza mgonjwa.

Kaka bado anavuta. Mguu wa kulia umeanza kufa ganzi. Jumatatu atakuja kliniki kwa magongo. Muulizeni ya kwanza anaiwasha saa ngapi.