Moshi wa Jikoni na Wajibu wa Wenye Viwanda



Katika ziara zetu za parokia tuliingia katika jiko la shule moja ya bweni iliyo chini ya Kanisa. Hatutaitaja, maana tungelazimika kutaja na nyingine nyingi. Masufuria makubwa matatu yalikuwa juu ya moto wa kuni, dirisha lilikuwa moja, na kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi. Mama mpishi, aliyehudumu humo miaka mingi, alitupokea kwa bashasha huku akijifuta machozi kwa upindo wa khanga. Kisha akashikwa na kikohozi kirefu, hata tukaona haya kuendelea kumwuliza maswali. Mchana ule tulikula chakula alichokipika. Kilikuwa kitamu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao huondolewa na kichomi, na akina mama hupatwa na maradhi ya moyo na mapafu. Wala moshi huo haubaki jikoni: hutoka kwenye paa na kuchangamana na ule wa magari na viwanda, na jirani akauvuta.

Husemwa kwamba hili ni suala la umaskini, na kwamba wenye viwanda hawahusiki nalo. Sisi hatukubali. Tukumbuke habari ya petroli yenye madini ya risasi. Tangu miaka ya 1920 makampuni yalitia risasi katika petroli ili injini zisigonge. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa mtambo mmoja huko New Jersey, Marekani, walikufa kwa sumu hiyo, lakini biashara ikaendelea. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata iwe kidogo namna gani. Hata hivyo mataifa tajiri yalipoanza kuiacha, Afrika iliendelea kuuziwa.

Mambo yalibadilika pale pande zote zilipoketi pamoja. Mwezi Juni 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana kuiacha petroli hiyo. Mwaka 2002, katika mkutano wa Johannesburg, ukaundwa ushirika wa serikali, makampuni ya mafuta, watengenezaji wa magari na mashirika ya kiraia, chini ya uangalizi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi. Ilipofika Januari 2006 petroli ya risasi ilikuwa imekoma kuuzwa katika nchi zote za kusini mwa Sahara. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwezi Julai 2021.

Tusidanganyike kwamba huruma ndiyo iliyowasukuma wenye mafuta. Palikuwa na tarehe, palikuwa na sheria, na kila kampuni ilijua kwamba mshindani wake naye amefungwa na masharti yale yale. Bila hayo, mwema angepata hasara na mkaidi angetajirika.

Sasa turudi jikoni. Tarehe 14 Mei 2024, mjini Paris, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano juu ya nishati safi ya kupikia barani Afrika, na serikali pamoja na makampuni ziliahidi dola bilioni 2.2. Mkakati wa Tanzania, uliozinduliwa mwezi huo huo, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni habari njema. Lakini kugawa mitungi ya gesi mbele ya wapiga picha ni kazi nyepesi. Mtungi huisha. Mama anayepata fedha yake kwa siku hununua mkaa wa kopo moja, wala hawezi kukusanya bei ya kujaza mtungi kwa mara moja. Basi mtungi huwekwa pembeni, na mafiga hurudi. Ipo mitungi yenye mita, ambayo mtumiaji huilipia kidogo kidogo kwa simu. Kwa nini haijafika vijijini kwetu? Swali hili wauzaji wa gesi waulizwe hadharani, pamoja na tarehe ya kulijibu.

Lakini sisi wenyewe tutauliza kwa mdomo gani? Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Seminari, shule, hospitali na nyumba zetu za watawa zimo katika hesabu hiyo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliutaja moshi wa kupikia kati ya mambo yanayowaua maskini, nasi tumeusoma waraka huo katika semina ambazo chakula chake kilipikwa ndani ya moshi.

Kwa hiyo tunaomba kila Halmashauri ya Walei ihesabu majiko ya taasisi za parokia yake, na kuandika kuni zinazonunuliwa kwa mwezi na gharama yake. Wapishi nao wapelekwe kupimwa mapafu kwa gharama ya taasisi, si kwa mishahara yao. Taarifa zimfikie Katibu wa Tume kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, ili tuingie katika mazungumzo na makampuni ya gesi tukiwa jimbo zima, tukitaka bei ya pamoja, ambayo parokia moja haiwezi kuipata peke yake.