Mwachieni mwanafunzi wa sheria usiku wake

Oktoba 2022, yalipotoka matokeo ya Law School of Tanzania, kila mtu alikuwa na la kusema. Kati ya wanafunzi 633 walikuwa wamefaulu 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walipigwa disko, yaani waliondolewa masomoni. Vijiweni na redioni lawama zikarushwa huku na huku: vyuo vikuu havifundishi, vijana hawajui Kiingereza, mitihani ni ya kukomoana. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mimi nilikuwa bado Mzumbe nasoma shahada ya kwanza, na niliyafuata mabishano yale kwa wasiwasi, maana zamu yangu ilikuwa inakuja.

Sasa imefika. Mitihani ya mwisho iko mlangoni, na kwa ninayoyaona nikiwa ndani naamini kuna jambo ambalo mabishano yale hayakulipa uzito: mwanafunzi huyu anaishi wapi, na saa zake ziko mikononi mwa nani.

Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili; lazima apite Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Lazima aje Dar es Salaam, asome, afaulu. Wengi tunatoka mikoani. Mzumbe nilitoka bwenini nikafika maktaba kwa miguu. Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake, na ada bado inakusubiri. Ndiyo maana naishi kwa mama mdogo Gongo la Mboto. Ananipenda, ananilisha, wala hajawahi kuniomba hata shilingi. Hayo nayasema kwanza, kwa sababu ninayoyasema baadaye si malalamiko dhidi yake.

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni nasubiri gari la Simu 2000. Tunavaa suti nyeusi, na Februari ya Dar mnaijua. Koti nalikunja ndani nje, nalibeba mkononi lisishike vumbi la mlango. Nikipata siti, nafungua mwongozo wa mwenendo wa madai kwenye simu. Nikisimama, mkono mmoja unashika bomba, mwingine unashika koti, basi simu inabaki kwenye mkoba mpaka Ubungo. Kwenda na kurudi, foleni ya Tazara na Buguruni inakula saa ambazo mwenzangu anayeishi Sinza amezitumia kuandika hati za madai za mazoezi. Wote wawili tutapewa karatasi moja ya mtihani.

Lakini foleni si mbaya kama jioni. Nikifika nyumbani mimi ni mtoto wa kike wa nyumba ile. Kuna vyombo, kuna mgeni kutoka Kigoma anayetaka kusindikizwa Muhimbili kesho, kuna kikao cha harusi ya binamu Jumamosi na kingine cha send-off Jumapili. Binamu yangu wa kiume anasomea kompyuta chuoni. Akifungua daftari tu, nyumba nzima inanyamaza. Nikifungua langu mimi, naulizwa kama maharage yameiva. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, ila ndivyo ilivyo, na katika darasa letu wanawake tunalijua hili bila kusimuliana. Mwenzetu mmoja ana mtoto anayenyonya, naye husoma saa tisa usiku kwa sababu ndiyo saa pekee isiyo na mwenyewe.

Halafu kuna mtaa. Ngoma ya kigodoro ikianza, spika zinafunguliwa mpaka mabati yanatetemeka. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, na zinataka usiku wa makazi ya watu uwe kimya kuliko mchana. Nazijua kanuni hizo. Najua pia kwamba mwenye sherehe ni jirani aliyetuletea maji bomba lilipokatika wiki nzima, na kwamba mwanafunzi aliyehamia juzi hawezi kumpeleka serikali ya mtaa. Hili ni jambo la wakubwa wa mtaa kusema, wakalisema mapema, kabla spika hazijakodiwa.

Wapo wanaotushauri tujifungie, tusahau kuwa tuko mjini mpaka mitihani iishe. Sikubaliani nao. Mji huu unafundisha. Nimekaa kwenye mabenchi ya Kituo Jumuishi cha Temeke, wanakosikiliza mirathi na ndoa, nikamwona mjane ameshika cheti cha kifo cha mumewe ndani ya mfuko wa nailoni, kimekunjwa mara nne. Karani akamweleza taratibu kwamba bado muhtasari wa kikao cha familia, ule wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Akainuka kwenda kuwatafuta shemeji zake. Tangu siku hiyo sijasahau nyaraka za maombi ya mirathi wala kwa nini kila moja inadaiwa. Mchana wa Temeke au wa mahakama ya Kisutu ni sehemu ya kusoma. Usiku wa kuosha masufuria ya wageni si sehemu yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenyeji wetu zaidi kuliko kwa waziri. Ukimpokea mwanafunzi wa Law School nyumbani kwako, umempa kitanda na chakula, na Mungu akulipe. Mpe pia saa, kuanzia saa tatu usiku, kila siku, zisizoguswa na mgeni wala kikao. Misikiti na makanisa yenye kumbi zinazolala tupu usiku yafungue milango na kuwasha taa wiki za mitihani. Na kamati za harusi zisimhesabie mtu utovu wa adabu kwa kukosa vikao viwili.

Nililiweka hili mezani kwa mama mdogo baada ya chakula, nikiwa na ratiba ya mitihani mkononi. Aliisoma yote, akauliza somo gani ni gumu kuliko mengine, kisha akamwita binamu yangu na kumwonyesha masufuria yalipo. Sebule ni yangu baada ya taarifa ya habari. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ameambiwa mchango wangu utafika mitihani ikiisha, na amekubali.