Silaha za Hitler Zisitupumbaze

Kila yanapozuka mazungumzo ya Vita vya Pili vya Dunia miongoni mwa wanafunzi wetu wa shule za upili, hakosekani wa kuzisifu silaha za Wajerumani kana kwamba walishindwa kwa bahati mbaya tu. Sifa hizo si za uongo. Ila ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Tukitazame kifaru kilichoitwa Tiger. Kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 57, bamba la chuma la milimita 100 usoni, na mzinga wa milimita 88 ulioweza kumteketeza adui angali mbali. Lakini magurudumu yake yalipandana. Likiharibika la ndani, mafundi hawakuwa na budi kuyang'oa ya nje kwanza. Na wakati wa baridi kali ya Urusi, tope lililokwama baina yake liliganda usiku, kukipambazuka kifaru hakiendi. Madaraja mengi hayakukihimili. Isitoshe, viliundwa takriban 1,350 tu vya aina hiyo ya kwanza, ilhali Warusi waliunda zaidi ya 50,000 vya T-34, kifaru chepesi zaidi na rahisi kukarabati. Tena jeshi hilo la Hitler tunaloliona kwenye filamu likienda kwa injini liliivamia Urusi mwezi Juni 1941 likiwa na farasi zaidi ya 600,000 wa kukokota mizinga na chakula.

Linalonikera zaidi ni roketi ya V-2. Ilianza kurushwa Septemba 1944, ikienda kwa kasi kuliko sauti, hata aliyeuawa nayo hakuisikia ikija. Hapakuwa na kinga. Hata hivyo, haikuweza kulenga kiwanda wala daraja. Ililenga mji mzima, ikaua raia wa London na Antwerp. Nayo iliundwa ndani ya mahandaki, karibu na Nordhausen, na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Wapatao 20,000 walikufa katika kambi hiyo kwa njaa, maradhi, sulubu na kunyongwa, idadi inayowapita waliouawa na roketi zenyewe.

Wernher von Braun, aliyeongoza ubunifu wa V-2, alichukuliwa na Wamarekani mwaka 1945, na roketi ya Saturn V iliyobuniwa chini ya uongozi wake ikawafikisha binadamu mwezini mwaka 1969. Walimu wa historia hulisimulia hilo kwa furaha. Ningewaomba wawaulize wanafunzi pia ni akina nani waliochimba mahandaki ya Nordhausen, na ujira wao ulikuwa nini.